Nimemwachia Yote

Mama mkwe wangu hakuwa na subira na watu wanaolia kanisani. Akimwona mtu anafuta macho kwenye benchi la mbele, aliniinamia sikioni na kusema, "Subiri Jumatatu." Nilipoolewa na mwanawe Lameki nikaja kukaa naye Izigo, nilimwona ana roho ngumu, na sitaficha kwamba miezi ya kwanza tulipikiana kwa adabu tu, si kwa mapenzi. Baadaye, tukipalilia pamoja, alinisimulia habari za shemeji yake Bartholomayo kipande kwa kipande. Mengine niliyapata kwa Bartholomayo mwenyewe, maana alikuwa bado hai na alipenda mazungumzo kuliko chakula.

Mama mkwe aliitwa Anatolia Kemilembe. Alizaliwa Nshamba, akaolewa Izigo na Kagaruki, akazaa mtoto mmoja, akafiwa na mume wakati wa vita ya Hitler, akabaki analima. Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na aliongea na migomba yake zaidi ya alivyoongea na majirani. Mgomba uliotoa mkungu mwembamba aliusema mpaka ukaona haya. Hivyo ndivyo alivyodai mwenyewe, nami sikuwahi kumbishia.

Kibanja chao, yaani shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, kilikuwa cha baba mmoja. Mzee aliyewazaa Kagaruki na Bartholomayo alikigawa katikati kabla hajafa, akapanda milamula kutoka barabarani hadi kule migomba inakokoma na uwanda wa majani, rweya, unakoanza. Mulamula ni mmea wa majani marefu usiokufa ovyo. Kwetu hakuna asiyeujua kuwa ndio mpaka, na jina lake limetokana na neno la Kihaya la kuamua: kuamua kesi, na kuamua watu wanaopigana. Ukiukuta umesimama mahali, huna la kubishana. Upande mmoja ukawa wa kaka, wa pili ukawa wa mdogo wake.

Kagaruki alipoona kifua hakimwachi, aliomba azikwe karibu na mpaka, ndani ya sehemu yake, lakini mahali ambapo ndugu yake atamwona kila akipita kwenda rweya. Alimpenda sana mdogo wake. Kila mama mkwe alipofika hapo katika kusimulia, alitema mate pembeni, kisha akaendelea kupalilia.

Msiba haujapoa, mama yake naye akaugua huko Nshamba. Kemilembe akamchukua mtoto wake, akaenda kuuguza, akakaa huko masika yote mpaka akamzika mama yake. Aliporudi Izigo alitua mzigo, akakata majani mabichi, akaenda kuyatandaza kaburini kama ilivyokuwa desturi yake. Akakuta milamula imesimama upande wa huku. Kaburi la mumewe lilikuwa kwa Bartholomayo.

Wala haikuwa miche michanga, ya kumtia mtu shaka. Bartholomayo alikuwa ameing'oa milamula ileile ya baba yao, mizizi na udongo wake, akaihamisha, na mvua ikamsaidia. Mashimo ya zamani aliyafukia, akayatandazia majani makavu, na katikati yake akapanda kahawa. "Ilikuwa kazi nzuri," mama mkwe aliniambia. "Angekuwa anafanya kwenye kibanja chake ningemsifu."

Alikwenda kwa mukungu, yaani mkuu wa kijiji. Mukungu alikuwa amekwisha kunywa pombe ya ndizi ya Bartholomayo, akamwambia kwamba mulamula hautembei. Bartholomayo naye akaeleza, kwa upole kabisa, kuwa lile kaburi tangu siku ya maziko lilikuwa upande wake; alimpa kaka yake mahali pa kulala kwa sababu ya upendo, na kwa sababu udongo wa pale ni laini. Wanaume wa ukoo walikohoa na kutazama chini. Nani angegombana na mwanamume mwenzake kwa ajili ya mwanamke aliyekuja kwa kuolewa?

Basi, tangu siku ile, Kemilembe akitaka kulitandazia majani kaburi la mumewe ilimbidi apite kwa Bartholomayo kuomba njia. Joviana, mke wa Bartholomayo, alimpokea vizuri kila mara na hakumnyima njia hata siku moja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Migomba iliyobaki ilimtosha yeye na mtoto. "Lakini nilikuwa napiga hodi ili nimwone mume wangu," alisema. Alitaka kaburi lile lirudi, na Lameki akue akijua kwamba baba yake amelala kwake mwenyewe, hakulala kwa hisani ya mtu.

Miaka ikaenda hivyo.

Mwaka wa pili baada ya vita kwisha, uamsho ulitufikia kutoka upande wa Ruanda. Waliookoka, walokole kama tulivyowaita, walisimama kanisani mmoja mmoja wakazitaja dhambi zao mbele ya watu wote. Kuku walirudi kwa wenyewe. Mtu mmoja alirudisha jembe kwa mjane wa yule aliyemwibia, na mjane akapigwa na bumbuwazi, kwa kuwa jembe lile walimsingizia mtu mwingine wakamfukuza kijijini. Huyo aliyefukuzwa hakuna aliyekwenda kumtafuta. Watu waliimba wakaendelea na dhambi inayofuata.

Jumapili moja akasimama Bartholomayo. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka kilima. Alisema kwa Kihaya, na mkalimani akawa anamgeuzia mhubiri, mgeni asiyejua lugha yetu.

"Mimi ni mwizi," alisema. "Nilihamisha milamula ya marehemu kaka yangu. Nilijiambia nalinda ardhi ya ukoo, mjane asije akaolewa akatuletea mtu wa nje. Nilijidanganya. Nilitaka mahali pa kupanda kahawa." Kisha akageuka. "Mulamu wangu Kemilembe, naomba uniondolee hatia hii." Mulamu ndivyo tunavyomwita shemeji.

Kanisa zima likageuka naye. Mhubiri akamtazama Kemilembe kwa huruma, akamwuliza kwa Kiswahili, "Mama, unasemaje juu ya ndugu yako?"

Sasa, Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni, cha kununulia chumvi. Kwa Kihaya angesema okuganyila, neno la kusamehe tulilolizoea katika sala, na hakuna ambaye angelielewa vingine. Lakini mgeni alikuwa ameuliza kwa Kiswahili, na ingekuwa utovu wa adabu kumjibu kwa lugha asiyoijua. Neno la kusamehe likamtoroka. Akashika lililokuwa karibu.

"Nimemwachia," akasema. "Nimemwachia yote."

Wakaimba. Wanawake wakamkumbatia. Bartholomayo alilia mpaka kifua cha shati kikalowa, na wazee wa kanisa wakasema hawajapata kuona msamaha wa namna ile. Kemilembe alirudi nyumbani mwepesi, akapika, akala akashiba, jambo ambalo lilikuwa limempotea kwa muda mrefu.

Jumatatu asubuhi alikwenda kusimama mpakani. Alikuwa na hakika shemeji yake atakuja na jembe. Bartholomayo akaja kweli, jembe begani, akamsalimia, "Bwana asifiwe, mulamu," akampita, akaenda zake rweya. Jumanne vilevile. Juma likaisha. Senene wakaja wakaondoka. Kahawa ikaiva, na Bartholomayo akaichuma pale pembeni ya kaburi huku anaimba nyimbo za wokovu kwa sauti ile ya ng'ombe. Mama mkwe alisikiliza kutoka jikoni kwake. Aliniambia kwamba wimbo ulikuwa mzuri na ndiyo maana ulimkera zaidi.

Akamwendea.

"Mulamu, milamula utairudisha lini?"

Bartholomayo alishangaa, na mshangao wake haukuwa wa kuigiza. "Kuirudisha? Si uliniachia? Kanisa zima lilikusikia. Ulisema umeniachia yote."

"Niliacha hasira. Sikuacha ardhi."

"Kemilembe, ile dhambi imeoshwa. Unataka kuichimbua tena?"

"Dhambi imeoshwa, sawa. Kaburi je?"

Bartholomayo akamkaribisha ndani anywe maji. Miaka mingi baadaye nilimwuliza Bartholomayo kama kweli aliamini kwamba ameachiwa kibanja kwa neno moja la Kiswahili kibovu. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Niliamini, mwanangu," alisema. "Niliamini kwa sababu ilinifaa."

Habari zikafika kanisani, na wazee wakaja, wakiongozwa na Karugendo, mzee wa kanisa aliyeogopwa hata na mkewe. Kemilembe aliwapa kahawa ya kutafuna kama mgeni anavyopewa, akaketi chini kwenye majani, akasikiliza. Karugendo alisema msamaha wenye masharti si msamaha. Alisema Kristo hakumdai mtu mpaka. Alisema akimpeleka ndugu yake barazani atakuwa ameivunja Jumapili ile kwa mikono yake mwenyewe.

"Mzee," Kemilembe akamjibu, "mtu akikukanyaga akaomba radhi, nawe ukamwitikia kwa moyo mweupe, si huwa anauondoa mguu wake?"

Karugendo akasema hilo ni jambo la mwili, wao wamekuja kwa mambo ya roho. Wakamaliza kahawa yao wakaondoka. Tangu siku hiyo akina mama wa uamsho wakawa wanamsalimia kwa sauti ya kumhurumia, kama mtu anayeanza kurukwa na akili. Nikiwaza habari hii mimi hukasirika kuliko alivyokasirika yeye. Aliyeiba alikuwa anakaa benchi la mbele. Aliyeibiwa alikuwa anaombewa abadilike.

Akaenda barazani, kwa mwami wa gombolola, aliyekuwa juu ya wakungu wote wa upande wetu. Aliitwa Ildefons Kaijage, Mkatoliki mnene mwenye usingizi, ambaye mambo ya walokole yalimchosha hata kabla hayajaanza. Siku ya kesi nusu ya kanisa ilikuwa pale.

Mashahidi walianza na maneno. Mmoja alisema Kemilembe alitamka "nimemwachia yote". Mwingine akaapa alitamka "nimemwachia chote", na chote maana yake ni kibanja, kwa sababu kibanja huwa chote. Wa tatu akasema huyo mwanamke hajui tofauti ya yote na chote, hata yeye shahidi haijui sawasawa. Hapo watu wakaanza kufundishana Kiswahili, na kila mmoja alikuwa na chake. Mukungu akasimama katikati ya kelele akasema mpaka uko pale tangu zamani na mulamula hautembei.

"Inatosha," Mwami Kaijage akasema. "Serikali haikuniweka hapa kuwa mwalimu wa Kiswahili." Akamgeukia Kemilembe. "Wewe mama. Huyu mtu ulimsamehe au hukumsamehe?"

"Nilimsamehe, waitu," akajibu, yaani bwana mkubwa.

"Basi mbona umemleta kwangu?"

"Nisingemsamehe nisingemleta kwako, waitu. Ningeifyeka kahawa yote na kuiwasha moto nyumba yake, na leo mimi ndiye ningeletwa hapa." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Hasira naye sina. Kama ningekuwa nayo nisingekuficha. Kaburi la mume wangu liko upande usio wake, na mwenye kulirudisha ni baraza, mimi sina nguvu."

Usingizi ukamtoka mwami. Kisha akamwita Bartholomayo.

"Hakuna aliyekuona," alimwambia. "Mkuu wako wa kijiji anasema mpaka haujasogea. Maneno ya kanisani ni ya kanisani. Mimi siwezi kumhukumu mtu kwa sala zake. Ukiniambia mpaka wako ni ule, kesi imekwisha, nenda ukachume kahawa. Ulihamisha milamula au hukuhamisha?"

Bartholomayo alinieleza mwenyewe kilichompitia pale. Kule kanisani, alisema, alisimama akijua ataimbiwa. Kila aliyekuwepo alitaka aungame. Ilikuwa kama kusukumwa mgongoni na upepo. Hapa barazani hakuna aliyetaka aseme kweli. Karugendo alikuwa anamtikisia kichwa taratibu. Joviana alikuwa anatazama miguu yake. Aliwaona wanawe na kile kipande cha kahawa ambacho kingewatosha kuoa. Uongo wenyewe wala haukuwa mrefu, ulikuwa neno moja tu, na mwami alikuwa amekwisha kumfungulia mlango. Karani akakohoa.

"Niliihamisha, waitu," akasema. "Na mukungu alijua."

Baraza likavurugika. Mukungu alipoteza ukuu wake juma lilelile. Bartholomayo, mwami akataka kumpeleka jela ya Bukoba, kwa kuwa kuhamisha mpaka kulikuwa kosa kubwa na bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, hakuwa na mzaha na mambo ya vibanja. Askari alikuwa amekwisha kumsogelea Bartholomayo, Kemilembe aliponyoosha mkono.

"Waitu, ukimfunga, mpaka utaonyeshwa na nani? Mashimo aliyafukia yeye. Mimi nikionyesha watasema ni macho ya mjane."

"Unamtetea?"

"Nautetea mpaka, waitu."

Mwami akaguna, akaamua Bartholomayo airudishe milamula kwa mikono yake, mbele ya wanakijiji na mtu wa baraza. Akiirudisha sawasawa, jela imeondoka. Akikosea, anaijua njia ya Bukoba.

Siku ya kazi watu walijaa kama kwenye harusi. Kemilembe alikuwa amefika mapema, akachora mstari kwa kisigino chake mahali alipoukumbuka mpaka, akitoka barabarani, akapita ng'ambo ya kaburi hadi rweya. Bartholomayo aliitazama ile alama. Akang'oa mulamula wa kwanza, akaubeba begani na udongo wake, akalipita kaburi. Akafika kwenye alama. Kila mtu akamtazama achimbe.

Hakuchimba. Akaivuka, akaingia katikati ya kahawa yake, miti mizuri iliyozaa sana, akaendelea kutembea na ule mzigo.

"Ni hapa, mulamu," Kemilembe akamwita. "Umepita."

"Bado," akasema.

Mtu wa baraza akadhani anatoroka, akamfuata. Joviana akaketi chini. Bartholomayo akasimama mbali kule, karibu na nyumba yake, akautua mulamula.

"Ulikuwa hapa," alisema. "Ule unaoukumbuka wewe ulikuwa umekwisha kuhama. Nilianza wakati kaka hawezi kutoka kitandani, na wewe uko ndani unamuuguza. Alisikia jembe, akaniuliza kutoka dirishani kama mvua imenyesha vizuri. Nikamjibu imenyesha vizuri sana, nikaendelea kuchimba."

Hakuna aliyeimba. Hakuna baraza lililojua jambo hilo, wala mwanamke aliyeibiwa hakulijua. Angeweza kupanda kwenye alama ya kisigino, akaitwa mwaminifu, akafa na siri yake pamoja na kahawa yake.

Kemilembe alikwenda kwa Joviana pale chini, akachukua jembe lililokuwa kando yake, akafika aliposimama Bartholomayo, akaanza kuchimba shimo. Bartholomayo alitaka kumnyang'anya jembe. Hakumpa. Alichimba mpaka likatosha, akashika mulamula usimame wima, naye Bartholomayo akafukia kwa mikono.

Nilimwuliza mama mkwe swali ambalo na wewe ungemwuliza: aliposikia habari ya dirishani, hakujuta kumwokoa na jela? Aliacha jembe, akajinyoosha mgongo, akautazama mpaka.

"Kanisani nilimsamehe kwa sababu Mungu ameagiza," akasema. "Yule aliyelipita kaburi akaendelea kutembea, huyo nilimsamehe kwa sababu nilitaka."